Sahani ya matundu 48 na reli ya rauta: uzoefu wangu wa kutia nakshi vikombe vya mbao

Nakereza vikombe Kariobangi, Nairobi, vingi vya jakaranda na vichache vya mutamaiyu, ule mzeituni wa mwitu. Wanunuzi wangu wakubwa ni wachuuzi wa Soko la Wamaasai, na siku hizi wanataka vikombe vyenye mifereji inayoshuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, iliyopangika sawasawa. Kwa hiyo nilimwendea fundi wa vyuma wa huku huku Light Industries, akanitengenezea kifaa cha kugawanya duara kwa shilingi 9,000, pamoja na reli ya kubebea rauta ndogo, ile mashine ya umeme ya mkono ya kuchonga mifereji.

Sahani ni ya chuma, ina matundu 48 pembeni, na inafungwa nyuma ya spindo, ule mhimili wa mashine ya kukereza unaozungusha kikombe. Pini yenye springi inaingia kwenye tundu na kuizuia isizunguke, kisha rauta inateleza juu ya reli, biti, yaani kile kisu chake kinachozunguka, ikiwa kimo kimoja na kitovu cha kikombe. Ukisogeza matundu mawili mawili unapata mifereji 24, yaani nyuzi 15 kila hatua. Matatu matatu, mifereji 16. Manne manne, 12. Tafadhali, chomoa plagi ya mashine ya kukereza kabla ya kuingiza pini, maana mota ikiwaka hapo pini inakatika na kipande kinaruka.

Zamani nilikuwa nagawanya kwa bikari na penseli. Ukipotoka robo milimita huioni kwenye mfereji wa kwanza, lakini ukiirudia mara 24 imeshafika milimita 6, na mfereji wa mwisho unakuja kuupanda wa kwanza. Kwenye sahani, tundu likiwa limepotoka kidogo basi ni hilo tu, haliambukizi linalofuata. Kwa hilo peke yake pesa yangu haikwenda bure. Na stima ikipotea rauta ikiwa katikati ya mfereji, jambo ambalo huku kwetu halishangazi mtu, kikombe hakisogei. Nanyanyua rauta, nangoja, stima ikirudi naendelea kwenye mstari ule ule.

Ila pini ililetwa ikiwa inacheza. Ukiitazama huoni kitu, lakini shika kikombe ukizungushe kidogo kwa vidole, utasikia kikigonga huku na huku. Biti nayo inavuta mbao, na ule mchezo mdogo unageuka mawimbi kwenye kingo za mfereji. Nilimrudishia fundi na kikombe chenyewe akione. Hakubisha. Alinichongea pini nyingine, nyembamba mbele na nene nyuma, ambayo inajibana yenyewe ndani ya tundu, wala hakunidai hata shilingi. Tangu hapo mfereji unatoka safi, msasa ni wa kupitisha tu.

Kitu nilichokipenda zaidi ni zile skrubu za kuinamisha reli. Kikombe changu kina kipenyo cha milimita 80 mdomoni na 60 kitakoni. Mifereji 24 ikiwa juu imeachana milimita 10 na nusu hivi kati kwa kati, chini inabaki kama 8. Kwa biti ya mviringo ya milimita 6, ukuta unaobaki chini kati ya mfereji na mfereji haufiki hata milimita 2, na jakaranda ni laini, unamong'onyoka. Reli ikiinamishwa ili kitakoni biti isizame sana kama mdomoni, mfereji wenyewe unazidi kuwa mwembamba unaposhuka na ukuta unabaki na nguvu. Mutamaiyu unavumilia hata bila hivyo. Mukima, ule mti wa grevilea, sikuupenda kabisa, kingo zilichanika.

Mimi napiga mifereji kikombe kikiwa bado kizima, halafu ndiyo natoboa ndani. Ukianza na kutoboa, ukuta unatetemeka chini ya biti na unaacha alama.

Atakayeagiza kifaa kama hiki aende na vipimo vya nyuzi za spindo yake, yaani yale meno ya skrubu, na aijaribu pini pale pale kabla ya kulipa. Mimi nimeshaagiza sahani ya pili, ya matundu 60, kwa sababu kuna mama mmoja mwenye duka anataka vikombe vya petali tano, na 48 haigawanyiki kwa 5.