Makasia ya Concept2 kwa mwanamke anayeshindana peke yake: bapa, urefu na mambo ya kukagua

Fainali ya boti ya mtu mmoja ya wanawake kwenye Olimpiki ya Paris 2024, pale Vaires-sur-Marne, Karolien Florijn wa Uholanzi aliimaliza kwa dakika 7 na sekunde 17.28. Ukivuta mipigo 32 hadi 34 kwa dakika, mita 2000 za mbio hizo ni mipigo kama 240. Kosa dogo katika kipimo cha kasia linarudiwa mara 240, na hakuna mwenzako botini wa kukufidia. Watu hutumia miezi kuchagua boti, kisha makasia wanachukua yoyote yaliyoegemezwa ukutani. Kwa mwanamke wa kilo 55 hadi 75 huko ni kupoteza mbio kabla ya kushusha boti majini.

Concept2 ni kampuni ya Vermont, Marekani, ileile inayotengeneza mashine za mazoezi zinazojulikana kwenye gimu nyingi. Mwaka 1991 ilileta bapa (sehemu ya kasia inayoingia majini) pana lisilolingana pande zote mbili, lenye umbo la shoka la kukatia nyama, na umbo hilo ndilo lililotawala mbio tangu wakati huo. Tathmini hii ni ya jozi ya makasia mafupi, moja kwa kila mkono, yenye mpini unaorekebishika.

Tuanze na bapa. Smoothie2 lenye ukingo wa Vortex ndilo linalowafaa wanawake wengi: linashika maji taratibu, linatoka safi, na linamsamehe aliyechoka katika mita 500 za mwisho. Fat2 ni pana na fupi zaidi. Linashika mara tu linapozama, kwa hiyo linataka mwenye miguu yenye nguvu na mkono uliokwisha kutulia. Majini penye vijiwimbi Fat2 lina adhabu yake: kwa upana ule, usiposhusha mikono vya kutosha ukingo wa chini unagonga wimbi wakati wa kurudi mbele, na boti ya mtu mmoja ikigongwa upande mmoja inalala. Anayefanya mazoezi kwenye ziwa lenye upepo wa mchana, au kwenye maji ya bahari, achukue Smoothie2 bila kusita. Kwa aina yoyote, usinunue Fat2 ukaiweka kwenye urefu wa Smoothie2. Itakuwa nzito mno, na mgongo ndio utakaolipa.

Mti wa kasia upo wa Ultralight na wa Skinny. Ultralight ni mwepesi lakini mnene. Skinny ni mwembamba na unakata upepo vizuri zaidi. Wepesi unausikia dukani ukishika mkononi, upepo unausikia kila siku majini. Chaguo langu ni Skinny. Kuhusu ugumu, mwanamke mwepesi asione aibu kuchukua mti laini: mgumu unarusha mshtuko wa mwanzo wa mpigo wote kwenye mbavu, na mbavu zilizopata ufa ni jeraha la kawaida katika mchezo huu.

Mpini ndio unaofanya makasia haya yastahili bei yake ya juu. Unaingia na kutoka kwa sentimita 5, una alama za vipimo, na kitambaa cha mkononi kipo cha unene tofauti. Chukua kile chembamba kama vidole vyako ni vifupi. Mpini mnene humlazimisha mtu kuukaba, msuli wa kigasha unakakamaa kufikia mita 1000, na kuanzia hapo kulilaza bapa kunakuwa kazi.

Sasa vipimo. Mahali pa kuanzia kwa Smoothie2: umbali kati ya vileti viwili (vishikizo vya makasia pembeni mwa boti) sm 160, urefu wa kasia sm 286, na sehemu ya ndani, yaani kutoka uso wa kola (pete inayolizuia kasia lisiteleze kwenye kileti) hadi mwisho wa mpini, sm 88. Kanuni ya haraka ni nusu ya umbali wa vileti ujumlishe 8. Kwa vipimo hivyo sehemu ya nje ni sm 198, na ukigawa kwa 88 unapata uzito wa gia, yaani kasia ni zito kiasi gani kulivuta, wa 2.25. Ncha za mipini zitapishana kama sm 20 mikono ikiwa katikati, mkono wa kushoto ukipita juu ya wa kulia. Ndiyo maana kileti cha mkono wa kushoto hupandishwa takribani sm 1 kuliko cha kulia. Ukivisawazisha, vifundo vitachubuka na boti itaegemea upande.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya mashindano upepo wa omo, yaani wa mbele ya boti, unavuma, ule unaokupiga mgongoni kwa kuwa umekaa ukitazama tezi, nyuma ya boti. Mtu anataka kasia jepesi, anasukuma mpini ndani kwa sm 1 na kuamini amelifupisha. Amelifupisha kweli, lakini upande wake: ndani imebaki 87, nje bado ni 198, na gia imepanda hadi karibu 2.28. Amejiongezea mzigo siku ya mzigo.

Njia sahihi ni kipande cha plastiki cha Concept2 kiitwacho CLAM. Kinabanwa kwa mkono kwenye kasia mbele ya kola, upande wa kileti, hakihitaji spana, na kinahamisha mhimili kwa sm 1. Ukikiweka peke yake, ndani inakuwa 89, nje 197, na gia inashuka hadi 2.21. Ukikiweka kisha ukasukuma mpini sm 1 ndani, unabaki na 88 kwa 197, gia 2.24, na mikono inapishana vilevile ulivyozoea. Kwa upepo wa wastani hii ya pili ndiyo bora, maana mwili hauhisi mabadiliko. Dakika tano gatini zinatosha. Fanya makasia yote mawili, kisha pima tena kwa futi ya kukunja. Tofauti ya nusu sentimita kati ya kulia na kushoto inatosha kuipeleka boti kombo, nawe utamaliza mbio ukiivuta irudi kwenye njia yako.

Mwinamo wa bapa, yaani jinsi linavyoinama kidogo likiwa majini, usiutafute kwenye kasia. Haya yametengenezwa kwa nyuzi sifuri. Mwinamo wote unatoka kwenye kileti, kwa vipande vya plastiki vinavyoingia juu na chini ya pini ambayo kileti kinaizunguka. Kile cha 4 juu na 4 chini kinakupa nyuzi 4, na hapo ndipo pa kuanzia. Bapa likizama kwa kina bila wewe kutaka, mwinamo ni mdogo. Likiteleza na kutoka majini kabla mpigo haujaisha, ni mkubwa. Badilisha nyuzi moja kwa siku, si zaidi.

Msafiri ana shughuli ya ziada. Kasia la karibu mita 3 haliingii kirahisi kwenye ndege, kwa hiyo anayetoka mbali mara nyingi hukodi boti na makasia palepale. Wachache wa kwetu wamefika kwenye mashindano makubwa ya mbali: Kathleen Noble wa Uganda, aliyeshindana katika mbio hizi Tokyo na Paris, na Asiya Mohamed wa Mombasa, aliyeshindana Paralimpiki ya Tokyo katika daraja la PR1, ambako kiti hakitembei na kazi yote ni ya mikono na mabega. Kwa PR1 vipimo vya hapo juu usivinakili: mkono unasafiri masafa mafupi, na gia lazima iwe nyepesi zaidi.

Ukikabidhiwa jozi ya kukodi, kagua kwa mpangilio huu. Pitisha kidole ukingoni mwa bapa: ufa mdogo huingiza maji, na kanuni za kimataifa zinataka ukingo wa kasia fupi la namna hii usiwe mwembamba kuliko milimita 3. Tikisa kasia karibu na sikio. Ukisikia maji ndani ya mti, lirudishe. Zungusha kola kwa nguvu zote za mkono. Ikicheza hata kidogo, kaza skrubu na uweke alama ya kalamu ya wino pale inapoishia, uione tena baada ya mazoezi. Tazama bamba la plastiki linalosuguana na kileti: likiwa limeliwa upande mmoja, mwinamo unaoupima sio unaouvuta. Mwisho hakikisha kasia lenye rangi nyekundu ni la mkono wako wa kulia na la kijani ni la kushoto, na kwamba yote mawili yana bapa na mti wa aina moja. Jozi iliyochanganywa hutokea kuliko unavyodhani.

Udhaifu wa kweli wa bidhaa hii ni mchanga na chumvi kwenye mpini unaorekebishika. Chembe zikiingia, mpini unaganda, na anayeulazimisha kwa koleo huuharibu. Kwa anayepiga makasia baharini, fungua mpini kila wiki, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, futa, acha ukauke kabla ya kuurudisha. Usipake grisi; itaushikisha mchanga zaidi na kuulegeza mahali unapotakiwa kubana.