Tuisheni ya Jumamosi Barani, Malindi: nyota nne

Kama uko Malindi na watafuta tuisheni ya gredi ya tano ama ya sita, hii ya Jumamosi asubuhi huku Barani mimi naipa nyota nne, hiyo moja nilobakisha ntawaambia sababu yake.

Ticha hapa hakimbilii ubao, anaanza na swali. Juzi nilikaa nyuma nikamskia anawauliza, mbona bahari yetu yageuka rangi ya udongo wakati wa mvua na ya Watamu haichafuki kama yetu? Kisha akanyamaza. Yani kanyamaza kweli, hataji jina la mtu wala hajijibu mwenyewe, mpaka mikono ikaanza kunyanyuka. Mmoja akasema ni taka za mji, hakuambiwa umekosa, akaulizwa "umejuaje?" mwengine akataja mto Sabaki, haya huo udongo Sabaki yautoa wapi, wakaufata mto huohuo juu unakoitwa Galana wakapanda mpaka unakoitwa Athi huko bara kwenye mashamba yasokuwa na miti, mara mtoto wa mvuvi akadakia kwamba upepo wa kaskazi ndo hulisukuma tope mpaka kwetu, kusi ikivuma laenda upande wa Mambrui. Huyo mtoto alikuwa na elimu hiyo kichwani siku zote ila hakuna alomuuliza!

Na huko kunyamaza kuna maana yake. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wakiuliza wangoja kama sekunde 1 tu, wakijizuia zifike 3 watoto wanajibu kwa urefu na wanatoa sababu. Sekunde 3 jamani, hazina gharama.

Mzazi anaetaka mtoto akaririshwe karatasi za KPSEA, ule mtihani wa taifa wa gredi ya sita, tu hapa hataridhika, karatasi zipo ila chache.

Nyota nilopunguza ni ya msongamano. Watoto ni wengi mno kwa chumba kile, wale wapole wa nyuma hawafikiwi na swali, na binti yangu ni mmoja wao. Nilimwambia ticha, sasa kabla ya kujibu kila mtoto anajadiliana kwanza na jirani yake, imesaidia mashallah, ila bado apunguze idadi ama aongeze kikao cha jioni. Mia mbili kwa Jumamosi, saa tatu kamili, wahini mkeka wa mbele.