Wino Usiopendwa: Upi Ununue, Upi Uuache

Mwandishi wa kalamu ya kujaza wino hapa Mwanza hana mazoea ya kuchagua rangi, kwa kuwa maduka mengi ya vifaa vya ofisi huweka bluu na nyeusi, pamoja na nyekundu kwa ajili ya walimu. Rangi nyingine huagizwa kutoka nje, na hapo ndipo watu huponzwa na picha ya kwenye simu: kichupa kinafika, kalamu inajazwa, na maandishi yanatoka na rangi ya maji ya mlenda. Hata hivyo, rangi inayochukiwa huweza kuwa wino mzuri. Nimezipanga kwa kuangalia kama zinasomeka jioni taa ikiwa hafifu na kama zina kazi inayozifaa.

Ya kwanza, bila kusita, ni bluu-nyeusi ya chuma. Wino huu hutengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini, yaani dawa ya mimea yenye ukakasi. Ukitoka kwenye nibu, ile ncha ya kalamu, huwa bluu iliyofifia, kisha hewa huugeuza taratibu hadi ukawa mweusi wenye ujivujivu, kama wingu la masika juu ya ziwa. Wengi huuona umepooza. Lakini ukishakauka hauondoki kwa maji, na ndiyo sababu Uingereza umetumika kuandikia rejesta za vizazi na ndoa. Diamine, kampuni iliyoanzia London mwaka 1864, bado huutengeneza. Anayeandika hesabu za dagaa mwaloni Kirumba, meza ikiwa imelowa tangu alfajiri, atausamehe sura yake. Sharti lake ni kwamba una asidi, hivyo usiachwe ukaukie ndani ya kalamu, wala usichanganywe na wino mwingine.

Ya pili ni kijani cha tope, kama Salamander ya Diamine hiyohiyo, ambayo mimi huiita rangi ya magugu maji yaliyooza ufukweni. Haivutii hata kidogo, ila imekolea vya kutosha kusomeka bila kukaza macho, na kwa shajara ya nyumbani inatosha kabisa.

Damu ya mzee naiweka ya tatu. Kwenye kanga ni rangi ya heshima. Kwenye barua ya kikazi, mpokeaji hudhani unamsahihisha. Kahawia ya ugoro inafuata, nayo haina ubaya mkubwa wala sifa. Kijivu chepesi kiache, kwani msomaji atadhani wino ulikuwa unakwisha. Njano ni ya mwisho kabisa: hata ya bure nisingeipokea, labda kwa kupigia mstari maneno ya mtu mwingine.

Wino wa kuchorea wenye gundi sikuuorodhesha, kwa sababu huziba kalamu hata rangi yake ikiwa nzuri.

Kuhusu ujazo, chagua kichupa cha mililita 30 badala ya 80. Kipampu cha ndani ya kalamu kwa kawaida hubeba chini ya mililita 1, kwa hiyo hata kichupa kidogo hujaza zaidi ya mara 30, na kuishi na rangi usiyoipenda muda wote huo ni adhabu. Kikifika, chovya kwanza njiti ya meno, andika mstari mmoja kwenye daftari lako, uone kama wino unasambaa, kisha uuache hadi kesho yake ndipo uuhukumu, hasa ule wa chuma.