Mafunzo ya usimamizi wa majengo, Mtwara: lipia siku ya kwanza

Nasimamia majengo ya kampuni moja hapa Mtwara: ofisi ya Shangani, ghala na nyumba za wafanyakazi. Kwenye mkataba naitwa Afisa Miliki, lakini ofisini mimi ni "dada wa viyoyozi". Nilipoona tangazo la mafunzo ya siku mbili ya uongozi katika usimamizi wa majengo, nikalipa shilingi 350,000 mfukoni mwangu bila kungoja ofisi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya hesabu, na thamani ya ada yangu ilirudi kabla ya chai ya saa nne. Mkufunzi, mama mmoja mthamini, hakuanza na slaidi. Alimwomba baba anayesimamia hoteli Lindi daftari lake la matengenezo akatusomea kwa sauti: "Chumba namba 4, gesi. Chumba namba 4, gesi. Chumba namba 4, koili imetoboka." Ukumbi mzima ulicheka, maana hewa ya chumvi inavyokitafuna kiyoyozi kwa nje sote tunaijua. Kisha akaandika ubaoni: tuseme kiyoyozi cha 1,200,000 kinaishi miaka 3, hiyo ni 400,000 kwa mwaka. Cha 1,800,000 chenye koili iliyopakwa kinga ya kutu kikiishi miaka 6, ni 300,000 kwa mwaka, na hapo fundi na gesi hujavihesabu.

"Baba, ukimwambia bosi kiyoyozi kimekufa, atakuuliza fundi yuko wapi. Mpelekee karatasi hii, atakuita kwenye kikao cha bajeti."

Baba wa watu alipiga picha ubao. Na mimi pia.

Mchana tukaingia kwenye mikataba ya pango. Walioona nyumba za Shangani zikigombewa wakati wa homa ya gesi asilia walikuwa na mengi ya kusema kuhusu pango la kulipwa kwa dola, na mkufunzi akatukumbusha kanuni za 2025 zinazokataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Halafu akauliza nani anaikata ile kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Nusu ya ukumbi ikajibu mwenye nyumba. Ni mpangaji, jamani, yaani kampuni zetu. Kipengele cha nani anatengeneza paa nacho kilizua mjadala mrefu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 bado hakijasahaulika kwa wenzetu wa Lindi.

Siku ya pili, ya uongozi wenyewe, sikuona kitu. Alikuja kijana wa suti, slaidi za maono na ndoto, tukapigishwa makofi. Dada mmoja akauliza: wasafishaji ni wa mkandarasi, mlinzi ni wa kampuni nyingine, fundi ni wa kuitwa kwa siku, nitawaongozaje watu ambao siwalipi mimi? Akajibiwa, "Wahamasishe." Swali hilo ndilo kazi yetu yenyewe, na lilistahili asubuhi nzima ya viwango vya huduma na namna ya kuviandika kwenye mkataba. ISO 41001, kiwango cha kimataifa cha fani hii tangu 2018, kilipewa slaidi moja.

Cheti kimeandikwa "Meneja Mbobezi". Kwa siku mbili! Anayetaka kinachotambulika nje aangalie FMP, cheti cha IFMA (chama cha kimataifa cha wasimamizi wa majengo), chenye masomo manne: uendeshaji na matengenezo, usimamizi wa miradi, fedha na biashara, uongozi na mkakati. Hakidai uzoefu; CFM, cheti kingine cha IFMA, ndiyo mtihani wa waliokwisha kukomaa kazini.

Changu wa nazi wa mchana hana mpinzani. Kiyoyozi cha ukumbi, nacho, kilitudondoshea maji mezani siku zote mbili, na sisi ndio wataalamu.

Nimewaandikia waandaaji wauze siku ya kwanza peke yake. Wakikubali, namtuma fundi wetu mkuu.