Uzoefu Wangu na «La muerte de Artemio Cruz» ya Carlos Fuentes

Riwaya hii ya mwaka 1962 ya mwandishi wa Meksiko, ambayo jina lake maana yake ni «Kifo cha Artemio Cruz», nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza, na ninaipendekeza kwa msomaji asiyekereka kuachwa gizani kwa kurasa nyingi. Artemio Cruz, askari wa Mapinduzi ya Meksiko (vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1910) aliyegeuka tajiri na mmiliki wa gazeti, anakata roho kitandani, na maisha yake yanasimuliwa kwa nafsi tatu: «mimi» ya mgonjwa aliyezongwa na maumivu, «wewe», inayomsemesha yaliyokwisha kupita kana kwamba bado yanakuja, na «yeye», inayosimulia siku 12 za maisha yake, kila moja na tarehe yake, bila kufuata mfuatano wa miaka.

Mvurugo huo wa wakati ndio ulioninasa. Katika siku ya mwaka 1919, Cruz anafika katika mji wa Puebla nyumbani kwa don Gamaliel Bernal, akijitambulisha kuwa alikuwa pamoja na Gonzalo, mwana wa mzee huyo, katika saa zake za mwisho. Anakaribishwa, anaozwa Catalina, dada wa marehemu, na hatimaye mali ya ukoo inaangukia mikononi mwake. Kurasa nyingi baadaye ndipo tunaporudishwa mwaka 1915, katika gereza walimofungwa wawili hao, na kumsikia Cruz akiwa tayari kuzungumza na adui ili aiponye roho yake, ilhali Gonzalo anapigwa risasi. Mkwe, mume na bwana shamba tumekwisha kuwazoea, hata kuwaheshimu kidogo, kabla hatujajua nafasi hizo zilipatikanaje.

Catalina naye amepewa siku yake, ya mwaka 1924, na kwangu ni miongoni mwa kurasa bora kabisa: usiku mwili wake unamkubali mume ambaye mchana anamchukia kwa ajili ya kaka yake. Binti yao Teresa, kwa upande mwingine, haonekani kuwa zaidi ya mrithi anayeusaka wosia, jambo lililonisikitisha. Sehemu za «wewe» pia zina sentensi ndefu za kuchosha, na baadhi nilizipita haraka.

Unaponunua, weka kalamu karibu uandike tarehe kadiri zinavyojitokeza. Asiye na subira hiyo aanze na «Pedro Páramo» ya Juan Rulfo, ya mwaka 1955, iliyovunjwavunjwa vilevile lakini fupi zaidi.