Karatasi za Haji: uzoefu wangu na muuza vitabu anayekuchagulia cha kusoma

Nafanya kazi ya dirishani katika ofisi ya vifurushi Arua Park, hapa Kampala. Napokea mizigo ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda: magunia, magodoro, masufuria, bahasha za karo. Mabasi ya usiku yakishapakia na kuondoka, hubaki saa mbili hivi ambazo hakuna mteja, na hizo ndizo saa zangu za kusoma. Tangu Januari nimemaliza vitabu kumi na kimoja, vyote nimechaguliwa na mtu mmoja. Nataka kumweleza vizuri kwa sababu watu wengi hupita mbele yake kila siku wakienda Nasser Road kuchapisha kadi za harusi, wala hawasimami.

Haji anauza vitabu vilivyotumika kwenye baraza ya duka la vifaa vya shule. Ana meza moja, rafu mbili za mbao na turubai la kuziba mvua. Vingi ni vitabu vya shule na vya dini. Hivyo ndivyo vinavyomlipia pango. Lakini rafu ya nyuma ni ya moyo wake: muziki, filamu na hadithi za upelelezi. Kila kitabu cha rafu hiyo kina karatasi ndani, nusu ukurasa wa daftari, ameandika kwa mkono wake nani akisome, nani asikisome, na kitachosha wapi. Hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Sijapata kuona muuzaji mwingine anayekuambia, hujatoa hata shilingi, kwamba kurasa arobaini za mwanzo ni nzito na uzivumilie.

Siku ya kwanza nilimwuliza kama ana hadithi yoyote ya Kiswahili. Hakugusa rafu. Aliniuliza, "Mwanangu, wiki hii umesikiliza nini?"

Nikamwambia ukweli. Nimekulia Arua, huko huko West Nile, Kongo iko pale pale, kwa hiyo rumba nimeisikia kabla sijajua kutembea. Na mama alikuwa na kanda za taarabu ambazo hakuruhusu mtu azishike. Haji akatikisa kichwa, akainama chini ya meza, akatoka na kitabu chembamba chenye jalada lililofifia: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Karatasi yake ilisema: "Kwa mwenye mama aliyependa taarabu. Kiswahili chake kitembee nacho taratibu."

Kukitembea nacho taratibu kulinichukua usiku tatu. Shaaban Robert anamsimulia binti wa shamba, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo usio na jina wala mali, ambaye sauti yake ilimvusha bahari hadi Bombay, akarekodi santuri mwaka 1928. Nilidhani nitasoma habari za mwimbaji. Nikajikuta nasoma habari za mtu aliyedharauliwa kwa asili yake na sura yake, na namna alivyoijibu dharau hiyo bila kuinua mkono. Nilimpigia mama simu Arua nikamsomea ukurasa mzima. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Niliporudi kumwambia Haji, ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu ndilo thamani yote ya huduma yake. Alinieleza kuhusu wimbo wa Siti unaoitwa Kijiti: mwanamke mgeni aliuawa Unguja, na muuaji akavuka maji akakimbilia bara. Kisa hicho watu walikiimba. "Sasa," akasema, "umeshasikia kesi. Je, uko tayari kwa mpelelezi?" Akanipa Mzimu wa Watu wa Kale.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kilichonibadilisha.

Kitabu hicho ni cha Mohamed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kikatoka 1960, na ndani yake ndimo alimoingia Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Tajiri anakutwa amekufa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kabisa kuamini kwamba mzimu ndio uliofanya kazi hiyo. Bwana Msa hakimbii wala habebi bastola. Anakaa, anashindilia tumbaku, anauliza jambo ambalo halionekani kuhusika, Najum anakosa subira (na mimi pamoja naye), halafu kurasa thelathini mbele unagundua kwamba lile swali dogo ndilo lilikuwa ufunguo. Haji alikuwa ameandika: "Usiruke maongezi. Muuaji yumo katika maongezi." Ni kweli, na sitasema zaidi.

Msomaji wa Dar au Mombasa huenda asielewe kwa nini mtu wa Kampala alie kwa kitabu kama hiki. Kwetu Kiswahili kina historia yake. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi wa hapa bado wanakisikia kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, ya amri usiku, ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena, lakini masikio ya watu hayageuki kwa tangazo. Mimi nimekizungumza tangu utotoni, na mara ngapi kwenye teksi nimeshusha sauti nisionekane mtu wa vurugu! Halafu huyu hapa Bwana Msa, na Kiswahili hiki hiki kinapima ushahidi, kinabembeleza ukweli utoke, kinashuku kwa adabu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne nilipokutana kwa mara ya kwanza na lugha yangu ikiwa imekaa kitako inafikiri. Nilimwambia Haji hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ya haya. Akasema ndiyo maana hampi mtu wa Arua kitabu cha bunduki kwanza.

Vya bunduki vilifuata. Baada ya Msa alinipa Elvis Musiba, Kufa na Kupona, ambamo jasusi Willy Gamba anatumwa Nairobi na mambo yanakwenda mbio kama basi la asubuhi lisilosimama Luwero. Karatasi ilisema: "Msa asomwe umekaa, Gamba asomwe ukiwa safarini." Nilikisoma kweli ndani ya basi kwenda nyumbani Idi, na tulipofika daraja la Karuma, pale ambapo abiria wote huchungulia maji, mimi sikuinua macho. Hata hivyo nina neno: wanawake wa Gamba huelezwa maumbile kwanza, akili baadaye kama ipo nafasi. Nilimwambia Haji aliandike hilo kwenye karatasi ili msichana mwingine ajue anaingia wapi. Aliliandika mbele yangu, kwa kalamu nyekundu, na karatasi hiyo bado imo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Riwaya moja ya Ben Mtobwa, ya mpelelezi Joram Kiango, nilifika mahali ambapo adui anakaribia kufichuka, nikafungua ukurasa, nikakuta jalada la nyuma. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Nilikasirika, ilikuwa saa sita usiku na nilikuwa nimelipa 12,000. Asubuhi nilikwenda kwake moto. Haji alikichukua kitabu, akakipindua uti wake, akanionyesha: karatasi kubwa ya kiwandani huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa mpaka ikawa fungu la kurasa kumi na sita, mafungu yakapangwa na kugundishwa. Gundi ikizeeka, linaweza kudondoka fungu zima. Alikubali kwamba hakukikagua. Nikamwomba basi anisimulie mwisho. Akakataa katakata! Alisema mwisho wa hadithi ya upelelezi ukisimuliwa na mtu mwingine ni kama chai iliyokwisha kunywewa. Akanirudishia 12,000 zangu, akaniomba wiki mbili. Siku ya kumi alinipigia simu: amepata nakala kwa mteja wake wa zamani, amekwenda Nasser Road wakatoa kopi ya kurasa kumi na sita, zimeshonwa ndani na kitabu kimewekewa uti mpya. Alikataa nilipotaka kumrudishia pesa. Hicho kitabu siuzi.

Upande wa muziki ana hazina kuliko nilivyotarajia, ingawa vingi ni vya Kiingereza. Rumba on the River, cha Gary Stewart, kilichotoka mwaka 2000, ni kinene na yeye mwenyewe anaonya kwamba majina ya bendi yatakuzidi. Ushauri wake ni usikisome kavu: kila sura, tafuta nyimbo zake kwenye simu, zisikilize, kisha endelea. Kwa njia hiyo nilijifunza kwamba studio ya Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilianzishwa na wafanyabiashara Wagiriki, na kwamba Indépendance Cha Cha ilizaliwa Brussels mwaka 1960 wakati wanasiasa wa Kongo wako mezani na Wabelgiji. Wimbo huo tuliucheza kwenye harusi Arua bila kujua kwamba ni habari ya siku ile. Cha Okot p'Bitek, Horn of My Love, cha 1974, kina nyimbo za Waacholi kwa lugha yao na tafsiri pembeni. Dereva wetu mmoja wa Gulu alikiona mezani kwangu, akafungua katikati, akaanza kuimba. Wateja wawili wakasimama kusikiliza, mmoja akasahau risiti.

Filamu ndiyo sehemu dhaifu. Haji ana kanuni kwamba kitabu hutangulia, na kanuni hiyo mimi siikubali yote. The Last King of Scotland, riwaya ya Giles Foden ya 1998 kuhusu daktari wa Idi Amin, nakubali: sinema ya 2006 iliyompa Forest Whitaker Oscar inakushika koo, lakini riwaya inakuacha muda mrefu zaidi ndani ya woga wa mtu anayejua na asiondoke. Karatasi yake ni fupi: "Daktari Garrigan ametungwa. Usimtafute mtaani." Anasema ameiandika kwa sababu wateja humwuliza kila mara yule daktari alihamia wapi.

Ila kwa Queen of Katwe tuligombana, kwa heshima. Kitabu cha Tim Crothers cha 2012 kina habari nyingi za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, mtaa wa mabanda hapa Kampala, na mwalimu wake wa sataranji, Robert Katende, lakini sehemu kubwa kinamweleza Mmarekani mambo ambayo sisi tunayaona tukienda kununua mkaa. Filamu ya Mira Nair ya 2016 haielezi, inaonyesha tu: matope, mahindi kichwani, uso wa Lupita Nyong'o akihesabu sarafu. Haji ananiambia nikisome tena nikiwa sijachoka. Nitakisoma, lakini sidhani nitageuka.

Na rafu yake haina chochote kuhusu vibanda vyetu vya video. Sisi tumekulia kwenye filamu za VJ, mtu anayekaa na maikrofoni akigeuza picha ya Kichina au ya Kihindi kuwa Kiganda, akiwapa wahusika majina ya mtaani kwetu. VJ Jingo ametafsiria watu wengi kuliko shule nyingi, na kule Wakaliga Isaac Nabwana anatengeneza filamu zake mwenyewe zinazotazamwa ng'ambo. Nilipomwambia Haji kwamba rafu ya filamu ya Kampala bila VJ ina pengo, alitoa daftari akaandika. Sijui atapata nini, ila nilimwona akiandika.

Bei zake: riwaya ya Kiswahili 8,000 hadi 15,000 kutegemea hali yake, vya muziki vya Kiingereza vinafika 40,000. Ukimrudishia kitabu kikiwa safi, anakupa kingine kwa kuongeza 4,000. Hana orodha ya kutuma kwa simu na hataki kuwa nayo. Vya Kiswahili vinaisha haraka kwa sababu huvipata kwa madereva wa Nairobi na Dar, viwili vitatu kwa safari, kwa hiyo ukiona Siri ya Sifuri au kingine chochote cha Bwana Msa, kichukue hapo hapo.

Nenda kabla ya saa 4 asubuhi, kabla wanafunzi hawajamzunguka, au baada ya sala ya alasiri. Mpe salamu kamili, usimwulize bei kwanza, na uwe na jibu la wimbo gani umeusikiliza wiki hii. Mimi jana nilimwambia nimerudi kwenye kanda za mama. Akaniambia nisubiri hadi Ijumaa, kuna kitu kinakuja na basi la Dar.