Kinga ya Mtoto: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Mvua zinapoanza Dar es Salaam na watoto wakaanza kuambukizana mafua, wazazi wengi hukimbilia famasi kutafuta chupa ya kuongeza kinga, ilhali sehemu kubwa ya wanachokitafuta iko gengeni na sokoni. Mwongozo huu unamhusu mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na kigezo nilichotumia kuzipanga bidhaa ni kiasi cha protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A ambacho mtoto anakipata kwa pesa inayotolewa, kwa sababu upungufu wa virutubishi hivyo hudhoofisha sana kinga ya mwili. Aliye chini ya miezi 6 hanunuliwi chochote kati ya hivi, kwani maziwa ya mama yanamtosha.

Kabla ya kufungua pochi, soma kadi ya kliniki. Chanjo, matone ya vitamini A ambayo mtoto hupewa kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5, pamoja na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1, hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kama chanjo ya surua ya miezi 9 au ya miezi 18 ilirukwa, hakuna bidhaa ya dukani itakayoziba pengo hilo.

Nafasi ya kwanza naipa dagaa, tena bila kusita. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo mtoto hupata protini, chuma, zinki na kalsiamu kwa mkupuo mmoja. Ukiwa Kariakoo, Buguruni au Tandale, usiangalie bei ya kisado peke yake: chagua dagaa wanaong'aa rangi ya fedha, wakavu wanaovunjika kwa urahisi, na uwaache waliogeuka manjano au wanaonuka mafuta yaliyochacha. Dagaa wa Mwanza walioanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo omba konzi moja uitumbukize kwenye bakuli la maji, na mchanga ukituama kwa wingi, nenda kwa muuzaji anayeuza walioanikwa kwenye chanja. Nyumbani waoshe, wakaushe vizuri, wakaange bila mafuta na uwasage wawe unga laini, kisha weka kijiko kwenye uji au mboga ya mtoto bila kuongeza chumvi.

Mayai na maini yanafuata kwa karibu. Yai la kienyeji lina sifa kubwa mitaani, lakini tofauti yake kilishe na yai la kisasa ni ndogo, na rangi ya kiini hutokana zaidi na chakula cha kuku. Pesa ikiwa ya mawazo, nunua ya kisasa ili mtoto ale mara nyingi zaidi. Maini ya kuku yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha.

Mboga na matunda yanashika nafasi ya tatu: mchicha, matembele, viazi lishe, papai na embe kwa vitamini A, mapera na machungwa kwa vitamini C. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na likiliwa pamoja na maharage huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, basi isiwe kinywaji cha mtoto wakati wa chakula. Juisi za boksi ziache.

Unga wa lishe nauweka nafasi ya nne, na najua wapo watakaoshangaa. Tatizo ni ule mchanganyiko wa nafaka kumi na karanga usiojulikana ulisagwa lini, kwani mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika uji hakuiondoi. Soya isiyokaangwa nayo huzuia mmeng'enyo wa protini. Chagua mwenyewe nafaka moja au mbili, ondoa punje zilizovunjika au kubadilika rangi, kaanga soya, saga kiasi cha wiki mbili tu, na karanga uzisage peke yake wakati wa kupika.

Virutubisho vya famasi vinakuja mwisho. Vidonge vya zinki vina kazi maalumu: mtoto akiharisha hupewa kwa siku 10 hadi 14, pamoja na ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi), miligramu 20 kwa siku kwa aliyefikisha miezi 6. Multivitamini ya maji inamfaa mtoto ambaye mhudumu wa afya amemwona ana upungufu au hali chakula vizuri kwa muda mrefu. Kwa anayekula vyakula vilivyotajwa hapo juu haiongezi mengi. Ukinunua, hakikisha imesajiliwa na haijaisha muda, na usiichanganye na mafuta ya samaki bila ushauri, kwa kuwa vitamini A ikizidi hudhuru ini. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma usimpe kabla ya kipimo cha damu, hasa kama ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), na chupa yake ikae juu kabisa, kwani madini ya chuma yakinywewa kwa wingi yanaweza kumuua mtoto. Asali, hata ile safi ya Tabora, isimguse mdomoni kabla hajafikisha mwaka 1.